Diwani Abonyeza Picha

Mwaka wa 1999, Chuo cha Kompyuta cha Upeo, hapo Makongeni, Thika, kilikuwa na kompyuta sita na mkurugenzi mmoja ambaye hakujua kuwasha hata moja kati ya hizo sita. Sisemi hivi kwa ubaya. Bwana Muriithi alikuwa na kazi zake nyingine, kama vile kuvaa suti na kutuita vijana wake.

Mimi Ngendo nilifundisha katika tawi letu la Ruiru, kule Kiuu, chumba kimoja chenye kompyuta mbili juu ya duka la magodoro. Nilikuwa kwa majaribio. Miezi minane ya majaribio. Hata ng'ombe wa maziwa hajaribiwi hivyo kabla ya kununuliwa.

Mkurugenzi alipoamua kwamba chuo lazima kiwe na tovuti kabla ya mwaka 2000, kazi iliniangukia mimi, kwa sababu mtu wa majaribio hakatai kitu. Nikaitengeneza Kiuu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha kubwa ya jengo la chuo. Ukiibonyeza picha hiyo, unafunguka ukurasa wa walimu. Hapo niliandika majina yetu sote kwa herufi za ukubwa mmoja, na langu likiwemo: Mwalimu Ngendo, Tawi la Kiuu.

Jina hilo lilikuwa na kazi. Mama yangu alikuwa amemenya mananasi kiwandani kwa miaka kumi na tisa, na alikuwa ameshaniombea nafasi kwa msimamizi wake. Nilitakiwa niripoti Jumatatu.

"Miezi nane unaniambia wewe ni mwalimu," aliniambia. "Hakuna barua, hakuna kitu. Nionyeshe mahali wameandika."

"Kuja Jumamosi kwa uzinduzi, maitu. Utaona."

"Nikiona, hiyo nafasi nitapea msichana wa jirani. Nisipoona, tunaenda na wewe." Mama hana maneno mengi. Nilikubali, kwa sababu jina nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Alhamisi mkurugenzi alichukua disketi yenye tovuti, akasema ni lazima aihakiki. Atahakiki nini, na kwa macho gani, sikuuliza.

Ijumaa nilikwenda Makongeni na ndipo nilipogundua balaa. Kompyuta hufungua kurasa hizi kwa programu inayoitwa brauza, na wakati ule kulikuwa na brauza mbili kubwa zisizopatana. Ile ya Kiuu ilikuwa inatii: ukiandikia picha amri, ukiibonyeza, amri inafuatwa. Ile ya Makongeni iliona picha ni pambo la ukutani. Nilijaribu picha nyingine niliyoitengeneza vilevile, nikabonyeza mpaka kidole kikaingia ganzi, nayo ikanitazama tu. Ili isikie, ilibidi picha ifungwe ndani ya linki, yaani mstari mmoja zaidi wa maandishi. Mabingwa huko Amerika walikuwa wameketi na shahada zao, wakaamua kwamba kubonyeza picha ni jambo la kila mtu kivyake.

Nikamwendea mkurugenzi. "Sir, nipe disketi dakika tano tu. Hiyo picha haitafunguka kwa mashine ya hapa."

Akanionyesha bahasha mezani. Ilikuwa imefungwa kwa gundi na kupigwa muhuri wa chuo mara tatu. "Ngendo, hii inafunguliwa na mgeni wa heshima. Unataka diwani apewe bahasha imeshikwashikwa?"

"Lakini haitafunguka, sir."

"Kubonyeza ni kubonyeza," akasema, akarudi kwenye orodha yake ya soda.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama aliketi safu ya tatu na nguo yake ya kanisani, mkoba magotini. Kulikuwa na maombi, kisha hotuba, kisha hotuba ya kumshukuru aliyetoa hotuba. Hatimaye Diwani Kisilu akapasua bahasha, watu wakapiga makofi. Uthman, mwalimu wa Makongeni, akaitia disketi kwenye kompyuta na picha ya jengo ikatokea. Makofi tena. Umati mzima ulikuwa unaishangilia picha ya jengo ambalo ulikuwa umeketi ndani yake.

Diwani akashika mausi kama anayepiga nguo pasi, akaipeleka juu ya picha, akabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kwa mamlaka yote ya wadi yake. Hakuna. Mkurugenzi akaanza kupiga makofi, ukumbi ukafuata, wanawake wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu, na diwani akainua mkono akatangaza kwamba tovuti imefunguliwa rasmi. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na kitu cha kuonekana. Nikasimama.

"Sir, haijafunguka."

"Imefunguliwa rasmi," akajibu mkurugenzi, na watu wakacheka. Kompyuta ikazimwa na kufunikwa plastiki yake. Alipopita akielekea kwenye chakula, Bwana Muriithi alinipa disketi bila hata kunitazama, akasema niiweke kwenye mashine za Kiuu pia.

Mama alikuwa mlangoni. "Nimeona nyumba tu," akasema. "Jina liko wapi?"

Nikamweleza habari za brauza mbili. Alinisikiliza vile anavyomsikiliza mtu anayeuza dawa ya kila ugonjwa. Nikamwambia twende Kiuu, kule mashine inatii, na nina nakala yangu ndani yake.

"Sitaki nakala yako. Nataka hiyo ameshika diwani."

Tukaenda. Nilimketisha mbele ya kompyuta, mimi nikavuta kiti changu cha mwalimu kando yake. Nikatia disketi, nikamwonyesha jinsi ya kushika mausi, na kidole chake chenye makovu ya visu kikabonyeza mara moja, polepole. Picha ikafunguka. Furaha niliyoisikia siwezi kuificha. Mkurugenzi alikosea, diwani alikosea, na mimi nilikuwa nimesema kweli.

Mama akafuata majina kwa kidole kwenye kioo. Muriithi, Mkurugenzi. Uthman, Mwalimu. Safaa, Mwalimu. Mstari wa mwisho akausoma kwa sauti: "Tawi la Kiuu, nafasi ya mwalimu iko wazi."

Kwa hivyo huko ndiko kuhakiki. Uthman ndiye aliyetumwa kuandika, bila shaka, kwa kuwa mwenye chuo asingeweza. Siku mbili nilihangaika ili ile picha ifunguke mbele ya watu wote wa Makongeni.

Mama alinitazama, kisha akatazama kompyuta. "Labda hii nayo imekataa," akasema kwa upole. "Kama ile ya Thika."

Nakala yangu ilikuwa mle mle, na jina langu likiwemo. Ningebonyeza mara mbili, mama asingejua tofauti, na Jumatatu ningerudi Kiuu kuendelea kujaribiwa. Mkono wangu ulishafika kwenye mausi. Nilisikia aibu, na hasira.

"Hapana, maitu," nikasema. "Hii imefanya kazi sawasawa."

Akarudisha kidole kwenye mstari wa mwisho. "Hiyo nafasi iko wazi ni gani?"

"Ni hii nimekalia."

"Basi toka kwa hicho kiti," akasema mama, akichukua mkoba wake. "Huyo mwalimu akikuja atakosa pa kukaa."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimesimama karibu naye kiwandani, na glavu kubwa kuliko mikono yangu, akinionyesha jinsi ya kushika kisu.