Gari Linalolia Kwangu Tu

Kazi yangu ni kutengeneza redio, kwa hiyo mtu akiniuliza mtaji wangu ni nini, namwonyesha masikio. Mnisamehe majivuno. Redio ikiletwa dukani naiwasha, nainamisha kichwa kama daktari, nasema, "Spika imechanika," na mteja anabaki mdomo wazi. Kinyozi wa mlango wa pili hulalamika eti siku hizi nafungulia redio kwa sauti ya kupasua madirisha. Wivu tu huo. Wateja wake wanasinzia, wangu wanacheza.

Basi gari langu likaanza kulia. Nazungusha ufunguo asubuhi, kimya kidogo, halafu KRRRAAA! Utadhani mtu mwenye hasira anaburuta sufuria tupu kwenye saruji. Paka wa jirani alihama ukuta wetu moja kwa moja. Na mke wangu, ninayempeleka kazini kila siku, ameketi kando yangu na mkoba magotini, gari likilia tu anatamka neno lile lile kwa sauti ya chini: "Nimechoka."

Mwanzoni nilimjibu, "Hata mimi," tukaenda zetu. Lakini neno likarudi kesho yake, na keshokutwa yake, nikaanza kukosa usingizi. Mwanamke akisema amechoka jioni, amechoka na kazi. Akisema asubuhi, hata kazi hajaigusa, jamani, huyo amekuchoka wewe.

Ndipo akaniambia anasafiri kwenda kwa dada yake aliyejifungua. Nikamuuliza atakaa muda gani. Alinijibu akiwa amenipa mgongo, kichwa ndani ya kabati, nami nikatikisa kichwa kama mtu aliyesikia. Sikumuuliza tena. Mtu mwenye masikio yangu haulizi mara mbili. Niliona tu sanduku alilolishusha ni lile kubwa. Niliogopa, sitaki kuficha. Nikakata shauri gari lipone kabla hajaondoka, asiondoke na huo mlio kama ndiyo kwaheri yangu.

Nikamwita Spana, fundi wa magari wa mtaa wa nyuma. Akaingia, akapiga stata, gari likawaka bila neno. Akalizima, akaliwasha tena, kimya.

"Linalia wapi, mzee?"

"Linakuonea aibu. Kama mtoto, ukimfikisha kwa daktari tu homa imekwisha. Toka nikuonyeshe."

Nikakaa mimi: KRRRAAA! Spana akaruka nyuma, kofia ikamvuka.

"Mzee, unavyoliwasha wewe..."

"Ni mkanda," nikamkata kauli. "Kwa masikio haya, huo ni mkanda umelegea."

Akabadilisha mkanda. Likalia. Nikainamisha kichwa, nikasikiliza vizuri, nikamwambia basi ni stata. Akafungua tena mdomo kusema kitu, nikamwonyesha saa. Stata ikatoka, mpya ikaingia. Kwake kimya, kwangu kilio. Akakusanya spana zake taratibu.

"Mzee, mimi natengeneza magari. Hili lako limekukasirikia tu."

Nikaona haya, hata gari nalo limenichoka.

Siku ya safari nikapakia sanduku. Mke wangu akakaa mahali pake. Nikasema bismillahi ya moyoni, nikazungusha ufunguo nikiukaza kwa nguvu zangu zote, kwa sababu gari mkaidi halitaki mkono laini. KRRRAAA!

"Nimechoka," akasema.

Nikalizima.

"Mama Watoto, kama umenichoka niambie sasa hivi, nisikupeleke kituoni kama bwege."

"Nani kakuchoka?"

"Wewe! Kila asubuhi nimechoka, nimechoka!"

Akanigeukia mwili mzima. Akanitazama mdomo, akanitazama masikio, kisha akapaza sauti hadi kioo kikatetema.

"LIMEWAKA! Baba Watoto, nasema limewaka! Gari limewaka zamani, wewe bado unakaza ufunguo, ndiyo maana linalia! Na ukinijibu 'hata mimi' nabaki najiuliza, huyu naye amewaka nini?"

Lo! Nilitafuta pa kuficha uso, gari lenyewe dogo. Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya dashibodi, kisha akazungusha ufunguo yeye, akauachia. Sikusikia kitu. Lakini chini ya kiganja changu plastiki ilikuwa inatetemeka, polepole, bila kusita. Kumbe kila asubuhi gari lilikuwa linanguruma, na mimi fundi redio, mwenye mtaji kichwani, sikuwa na habari.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Muulize kinyozi," akasema, safari hii akinitazama usoni ili nimwone mdomo.

Mganga hajigangi, wanasema. Mimi niliwaganga mkanda na stata, wagonjwa wasio na ugonjwa, na sikio lenyewe nikalivika kilemba cha ukoka.

Kituoni nikambebea sanduku hadi kwenye basi, nikateremka, nikasimama chini ya dirisha lake. Akasema kitu. Nikaanza kutikisa kichwa kwa mazoea, kisha nikajizuia.

"Umesemaje?"

Neno dogo, lakini lilinitoka kwa taabu kama jino.

Akatoa kichwa dirishani. "Nasema kalizime gari, umeliacha linanguruma! Na usiliwashe peke yako mpaka nirudi!"

Kituo kizima kikageuka. Wachukuzi wakacheka, kondakta akacheka, nami nikacheka machozi yakinilengalenga. Katika maneno yote yale nilikuwa nimeshika moja tu.

"Mpaka nini?" nikapaza sauti.

"Nirudi!"

Nilikuwa nimelisikia tangu mara ya kwanza.