Mwanafunzi wa Arobaini

Haya ni kweli tupu. Sijaongeza hata chembe, na mwenye shaka akamuulize mwenyekiti wa kamati ya shule, kama siku hizi anasema na watu.

Mwenyekiti huyo ana duka la vifaa vya ujenzi, na watu humwita Msumari, kwa biashara yake na kwa ulimi wake. Siku ya kikao cha wazazi alisimama mbele ya ubao akatangaza kwamba chumba cha muziki sasa kitakuwa cha masomo ya ziada ya hesabu. Kamati ilikwishaweka kanuni: kipindi kisicho na wanafunzi arobaini kwenye rejista kinafutwa. Muziki ulikuwa na thelathini na tisa, mmoja amehama wiki iliyopita.

Mwalimu wa muziki, mama mwembamba asiyependa kubembeleza, alibembeleza. Aliomba apewe mpaka mwisho wa muhula. Msumari akamjibu kwamba hajaona mtoto aliyefaulu mtihani kwa kupuliza filimbi. Wazazi wakacheka, na hakikuwa kicheko kizuri.

Nyuma kabisa, kwenye benchi la watoto wa darasa la pili, magoti yakimgonga kidevu, aliketi Babu Chumvi. Jina alipewa kazini, maana habari haikupita kinywani mwake bila kukolezwa. Mjukuu wake wa kike alikuwa mmoja wa wale thelathini na tisa. Kabla ya filimbi, mtoto yule alizira kwa kila neno. Sasa alijua kunyamaza na kusikiliza. Babu alitaka kipindi kibaki. Angesema hayo tu, yangetosha. Lakini ukweli mtupu ulimkwama kooni kama mkate mkavu.

Alisimama akasimulia alivyoendesha treni miaka thelathini, na jinsi siku moja, katikati ya daraja, alivyosikia behewa la tisa likitoa sauti ya chini kidogo kuliko mengine. Akafunga breki. Gurudumu zima lilikuwa limeshikwa na nati moja, nayo inacheza. Abiria mia sita wakapona, na mama mmoja akajifungua mapacha kwa furaha. Sikio hilo, alisema, alilipata darasa la tatu, kwenye somo la muziki.

Vichwa vilianza kutikisika kwa kukubali. Babu akaona upepo umegeuka, akaongeza treni ya pili. Hapo ndipo alipoharibu.

"Mzee, hebu ngoja," Msumari alisema. "Wewe ulikuwa unauza tiketi. Dirisha namba mbili. Nimepanga foleni hapo miaka kumi."

Haikumtosha. Alimtaka mwalimu apulize sauti mbili, mzee ageuke ukutani aseme ipi iko juu. Mwalimu akapuliza. Babu akasema ya kwanza. Haikuwa ya kwanza. Wakarudia. Akasema ya pili. Haikuwa ya pili. Mara ya tatu Msumari alimzuia mwalimu kwa mkono, hakikupulizwa kitu, na babu akasema hizo sasa zimelingana.

Chumba kilivuma kwa kicheko. Kwenye dirisha, walipojazana watoto, mjukuu alifunika uso.

Alipoulizwa alisomea wapi muziki, babu alikiri kwamba shuleni kwao somo hilo halikuwepo.

"Umenimaliza, mzee," mwalimu alisema kwa hasira. "Miaka kumi na miwili nasema kweli humu, halafu unaniletea matreni." Kisha akawageukia wazazi. "Nendeni darasa lolote wakati wa mtihani. Kila mtoto amezungushia mkono karatasi yake, mwenzake asione. Kwangu mkono huo hauna kazi. Anayewahi anaharibu, anayechelewa anaharibu. Nitajieni chumba kingine humu mtoto anapofundishwa kumsikiliza wa pembeni yake."

Msumari akasema maneno ni matamu, ila kanuni ni kanuni.

Mwalimu akaomba aione hiyo kanuni. Karatasi Msumari aliiandika mwenyewe, na siku ya kuiandika alikataa katakata mtu kumsahihishia. Ilidai wanafunzi arobaini walioandikishwa na wanaohudhuria. Umri hakuutaja. Mwalimu akafungua rejista, akaandika mstari wa arobaini, akapiga muhuri.

"Babu, umedanganya mbele ya watoto, utalipa. Kila Jumanne, saa mbili kamili asubuhi. Ukikosa siku moja, chumba kimekwenda."

Msumari akafoka kwamba huo ni upuuzi. Mzazi mmoja akamkumbusha, taratibu, kwamba kanuni ni kanuni.

Jumanne babu alifika na filimbi ya kuazima. Mjukuu akasogeza kiti chake mbali. Babu akapuliza, ikatoka sauti ya birika linalochemka, na mwalimu akasimamisha darasa zima.

"Umewatangulia wenzako. Tena."

Akapuliza tena. Akasimamishwa tena. Mara ya nne alivuta pumzi, akaanza kueleza kwamba zamani aliwahi kumjua mpiga filimbi mmoja ambaye...

"Babu," mjukuu alisema bila kumtazama, "puliza."

Akapuliza.