Siku Nne za Machi

Kwa miaka kumi na moja nimeandika kwenye madaftari kilo za omena, dagaa wa ziwani, zinazoshushwa ufuoni kwetu kisiwani Rusinga. Nilisoma shule ya usiku nikiwa na watoto watatu tayari, na mwandiko wangu hauniaibishi. Ndiyo maana Dorine, mtafiti kutoka Uriri, hakutaka madaftari tu. Alifungua kompyuta akaniomba tuchague pamoja programu ya kuchora hesabu zangu.

Alinionyesha mbili. Ya kwanza ilikata mstari kila siku isiyo na namba. Ya pili ilikadiria namba zilizokosekana, mstari ukaenda bila kovu.

"Hii ya pili inapendeza, Mzee Gordon, lakini inajaza yenyewe. Siku hizi tupu ni za nini?"

"Mvua, malaria, kalamu kuisha wino." Niliona haya. "Jaza, nyar Uriri," nikamwambia, yaani binti wa Uriri. "Nisionekane mtoro wa darasa."

Alicheka. "Haya, mwalimu. Umechagua wewe."

Baada ya wiki mbili alileta mchoro uliochapishwa, jina langu chini yake. Niliubandika sebuleni, nikamwita mke wangu Phelesia nimfundishe: huku ni miezi, huku ni kilo.

Alisogeza kidole. "Machi ya mwaka juzi ni hapa?"

"Hapo hapo."

"Mbona mstari unapanda?"

Nikakaa chini. Machi ile mwanetu Levi alizama. Kwetu mashua hazivui wakati mtu bado yuko majini. Zote zilimtafuta yeye, siku nne, na daftari langu sikuligusa. Sasa karatasi ilisema siku zile tulishusha zaidi ya kilo mia tatu kila siku.

"Baba Levi, walivua?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Si walituambia wanamtafuta?"

"Walimtafuta. Hakuna aliyevua. Ni mimi niliyesema ijazwe."

Nilimpigia Dorine. Alisema atachora upya kwa ile programu ya kwanza, ila ripoti yake yenye mchoro ule ilikuwa imeshatumwa. Nakala yangu tu ndiyo ingebadilika.

"Pole sana, baba. Nilikuuliza."

"Uliniuliza, binti yangu."

Mchoro mpya ulikuja, mstari umekatika mahali pake. Niliubandika juu ya ule wa kwanza, nikamwita Phelesia. Alijibu kutoka jikoni kwamba ana kazi. Hadi leo hupita hapo na ndoo yake ya maji bila kugeuza shingo.