Msiba wa Mzee Vitalis

Kila Herieth alipogusia hospitali, bibi yake Kunigunda alizunguka upande wa pili wa chanja, akaendelea kuchambua kahawa. Uvimbe ulikuwa kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya buni, mgumu, hauumi. Bibi alikuwa na maelezo yake.

"Hayo ni maziwa yako, mke mwenzangu. Ulinyonya, ukayabakiza. Niende wakanikate nini?"

Mama yake Herieth alifariki siku ya kumzaa. Bibi, ambaye kitindamimba wake alikuwa tayari anachunga mbuzi, alimpa kichanga titi kavu ili anyamaze tu. Siku zikapita, maziwa yakatoka. Nusu ya kijiji cha Kitura ilikuja kuona. Herieth alikwenda kusomea biolojia kwa sababu ya titi hilo. Alitaka kujua nani aliliambia litoe maziwa.

"Bibi, unajua yalitokaje?"

Mikono ya bibi ikatulia juu ya kahawa. "Padri alisema ni baraka. Wewe uliyesoma, sema."

"Mimi ndiye niliyebisha hodi. Nilipovuta, ubongo ukasikia, ukatuma neno kwenye damu. Kila chembe ya titi ina kama sikio kwa nje. Likisikia, linampasha habari aliye ndani, naye anampasha mwenzake, mpaka neno limfikie mkubwa aliyekaa katikati. Huyo ndiye anayeamuru: ongezekeni, tengenezeni maziwa."

"Kama tunavyotangaza msiba," bibi alisema. "Wa mlima huu anapaza sauti, wa mlima ule anapokea."

"Ndivyo hasa. Nami nilipoacha kunyonya, neno jingine likapita: imetosha. Chembe za maziwa zikafa zenyewe, titi likanywea." Herieth akasogea karibu na chanja. "Sikubakiza kitu, bibi. Nilimaliza."

Bibi aliokota punje mbovu, akaitupa. "Sasa hiki ni nini?"

"Sijui. Huenda si kibaya. Lakini ipo chembe ambayo sikio lake huharibika. Hakuna aliyesema neno, yenyewe inasikia 'ongezekeni', na walio ndani wanaitika."

Bibi akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika. "Msiba wa Vitalis."

Herieth aliujua. Mtu wa mlima wa pili alisikia jina ambalo hakuna aliyelitaja, akapokeza. Kufikia jioni uwanja wa Mzee Vitalis ulijaa watu wenye kuni na unga, naye akatoka shambani na mkasi wa kupogolea, akiuliza nani amekufa.

"Nililia kumzidi mkewe," bibi alisema. "Na hakuna mwongo hata mmoja. Kila mtu alipokeza alichosikia."

"Angekuwa ndani amelala, mngejuaje?"

"Si mtu angeingia kumwona maiti..." Bibi akajishika kifuani, juu ya kanga.

"Hospitali wanachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano tu," Herieth alisema polepole. "Wanaangalia. Hata kama ni kibaya, kuna chembe ambazo bado zinategemea homoni, lile neno la kwenye damu, na kwa hizo kuna vidonge vya kuziba sikio."

"Vya kuziba sikio," bibi alirudia, kama anayeonja mboga. "Hilo sikio linaonekana?"

"Wanalipaka dawa, linaonekana."

Bibi akafunika kahawa kwa turubai ingawa jua lilikuwa bado kali, akajifuta mikono.

"Kesho twende. Na nikiambiwa ni maziwa, utayanywa mbele ya daktari."

"Nitayanywa, bibi."