Lita Mbili kwa Kidole Kimoja

Maneno yenyewe yaliletwa na Kaka Ngadino, muuza mboga, siku ya Alhamisi, wiki moja kabla ya kufunga. Alisimamisha mkokoteni wake karibu na bomba letu la maji, akafunga mafungu ya kangkung, mboga ya majani, akasema kama mtu anayesema habari za mvua: "Nunueni mafuta mapema, akina mama. Mwezi ukiandama hamtaona hata tone. Kiwanda kimefunga."

Nikamuuliza, "Nani kakwambia?"

"Shemeji yangu ana rafiki yake, dereva wa lori la mafuta."

"Na huyo dereva kaambiwa na nani?"

"Mama Puji, nunua au usinunue. Mimi nauza mboga."

Wenzangu wakacheka. Na mimi nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki: ukimeza tonge hautoki, ukinywa maji hautoki. Jikoni kwetu mafuta si anasa. Tempe na tofu, vyakula vyetu vya soya, hukaangwa, na yai moja hukaangwa jembamba likatwe vipande vitano. Chakula kilichokaangwa hushibisha macho kwanza, na macho yakishiba tumbo hupunguza kelele. Sasa mwezi wa mfungo, watu wanakuja mezani na njaa ya mchana kutwa, niwawekee tempe ya kuchemsha?

Nyumbani tuko watano: mimi, mama mkwe, Puji mwanangu mkubwa, na wadogo zake wawili. Baba Puji yuko kwenye machimbo ya mchanga, hutuma fedha kila Ijumaa usiku, rupia laki mbili. Hizo ndizo chakula cha wiki. Mama mkwe alinifundisha tangu nilipoolewa: mchele kwanza, kilo kumi, ndipo mengine yafuate. Mimi hufua nguo za watu, na hela ya kufua huishia kwenye umeme na shule.

Na kuna jambo jingine lazima mlijue tangu hapa, maana bila hilo nisingeshika kalamu. Puji alikuwa ameitwa kiwandani. Ni kiwanda cha viatu, kule barabara ya bandarini. Wasichana wengi mno waliomba, wakaitwa thelathini, na yeye akiwamo. Jumatatu saa mbili asubuhi aende na kitambulisho kuandikishwa. Mshahara wake wa mwezi mmoja ungezidi anachotuma baba yake kwa miezi mitatu. Alikwisha kupiga pasi sketi yake nyeusi akaitundika ukutani, na wadogo zake walikatazwa hata kupumua karibu nayo.

Ijumaa gari la matangazo likapita. Kesho kwenye uwanja wa kata, mafuta ya bei nafuu. Mwenye kitambulisho atapata lita mbili, kisha atachovya kidole kwenye wino kama siku ya kura, asirudi mara ya pili.

"Unaona?" nikamwambia mama mkwe. "Kama mafuta yapo, kwa nini yapimwe kwa vidole?"

Mama mkwe akajibu, "Mimi naona mchele umebaki vikombe vitatu."

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mimi na Puji tulikuwa uwanjani. Fedha ya baba yake nilikuwa nimeichukua kwa wakala njiani, nimeifunga kwenye leso. Waliweka uzio wa vyuma, kijia chembamba, mtu mmoja nyuma ya mwingine, chuma kushoto na chuma kulia. Ukishaingia, hakuna kutoka ila kwa mbele, kwenye meza.

"Tungeambiwa tungekuja na pembe kama ng'ombe," alisema Mama Endah, jirani yangu, aliyekuwa mbele yetu.

"Wewe kwa mwili huo utaung'oa huu uzio," nikamwambia.

"Nikiung'oa nauza chuma chakavu, nanunua kiwanda kizima cha mafuta. Halafu mtanisalimia kwa magoti."

Tulicheka hadi jua lilipopanda. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alitapika, mama yake hakuweza kumtoa. Walipitisha maji juu ya vichwa. Saa tatu na nusu ndipo tukafika mezani.

"Elfu ishirini na nane mafuta, elfu kumi na mbili sharubati," alisema dada aliyekaa na daftari.

"Sharubati sijaomba."

"Hayatoki bila sharubati."

"Dada yangu, mimi nina watoto, sina wageni wa kunywesha sharubati."

"Basi na mafuta huna haja. Anayefuata!"

Nyuma yangu wakaanza kusukuma. "Mama, lipa au pisha!" Kupisha niende wapi? Kushoto chuma, kulia chuma. Nikalipa ya kwangu na ya Puji, elfu themanini. Nikachovya kidole, Puji akachovya cha kwake. Wino ule ulikuwa wa zambarau iliyoiva, unashika hadi kwenye kucha.

Kwenye leso nilibaki na laki moja na elfu ishirini. Duka la mchele lilikuwa ng'ambo ya barabara, kilo kumi kwa laki moja na elfu kumi. Ningevuka tu. Hata leo nikipita pale miguu yangu hujua ni hatua ngapi.

Lakini langoni alikuwapo bwana mmoja na pikipiki yenye makapu mawili. Alikuwa ananunua mafuta kwa waliotoka, elfu hamsini kwa lita mbili, hataki hata kuona sharubati.

"Ya nini mengi hivyo, kaka?" nikamuuliza.

"Wiki ijayo utanitafuta wewe, mama."

Basi mwiba ukazama. Nikaona Kaka Ngadino alisema kweli. Na Mama Endah, akiwa amekumbatia chupa zake, akaninong'oneza, "Wino unatoka, wewe. Mdogo wangu kausugua na dawa ya madoa, karudi mara mbili, kauza zote. Na wewe mfuaji, unaniuliza mimi?"

Nikapiga hesabu ya haraka, ile ambayo kila mtu maskini hudhani ni ya kwake peke yake. Tukirudi mara moja tu, lita mbili zaidi kwa elfu arobaini. Namuuzia huyu bwana hizo na mbili nyingine, elfu sitini zinazidi, mchele nanunua wote, na lita mbili zinabaki za kufungulia mfungo. Niliona nimeshinda.

Nyumbani nikamimina dawa ya madoa kwenye bakuli. Nilianza na kidole changu. Hakikutoka kitu. Vidole vyangu vimepasuka kwa sabuni ya miaka kumi na mitano, wino ulikuwa umejipenyeza kwenye kila ufa. Vya Puji ni laini, wino ulikaa juu juu. Tena ulikuwa umetiririka hadi kwenye dole gumba.

"Lete mkono," nikamwambia.

"Mama, mimi Jumatatu naenda kiwandani."

"Jumatatu ni Jumatatu. Mafuta ni leo."

"Inawasha."

"Kila kitu kinachosafisha kinawasha."

Mama mkwe, kutoka kitandani pake, akasema, "Wewe mwanamke, huo ni mkono wa mtu, si shuka." Nikamjibu vibaya. Sitaandika nilivyomjibu. Nikasugua kwa unga wa kusafishia sufuria, nikachovya tena, nikasugua. Wino ukatoka. Na ngozi ya juu ikatoka nao, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikaona, nikajiambia itapona.

Saa sita Puji akaingia tena kwenye uzio, peke yake, maana mimi kidole changu kilikuwa bado cha zambarau. Nilitembea nje, sambamba naye, chuma kikiwa kati yetu. Jua lilikuwa utosini. Alikuwa ameukunja mkono kifuani kama anayebeba kifaranga.

"Mama, kinawaka."

"Vumilia. Mbele yako wamebaki watu ishirini."

"Nataka kutoka."

"Utatokea wapi, mwanangu?"

Nilisema hivyo kama swali la kawaida. Akageuka kutazama nyuma, akaona vichwa hadi barabarani, akageuka mbele tena. Hakuniangalia.

Kufika mezani, yule dada wa daftari akakishika kidole, akakinusa. "Jamani, hiki kimefuliwa!" Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Kianikeni!" Nilidhani atafukuzwa, na Mungu anisamehe, nililohofia wakati ule ni mafuta. Hakufukuzwa. Yule dada alikuwa amechoka, akatwaa elfu arobaini, akasukuma chupa, akakitumbukiza kidole kwenye wino hadi fundo la pili. Puji alipiga ukelele uliowanyamazisha waliokuwa wakicheka.

Tulipofika langoni, bwana wa pikipiki alikwisha kuondoka. Makapu yake yalijaa, wakasema, hatarudi. Nikazunguka na chupa mbili mkononi hadi alasiri kutafuta mnunuzi. Kila mtu alikuwa na zake. Kwa elfu themanini zilizobaki nikanunua mchele kilo tano, sabuni na chumvi, na tempe ya elfu tano. Kwa hiyo tulikuwa na lita sita za mafuta na kitu cha kukaanga cha siku moja.

Jumatatu Puji alivaa sketi yake. Kidole na dole gumba vilikuwa vimevimba, zambarau na wekundu pamoja, vimepakwa mafuta ya nazi na mama mkwe. Nilimsindikiza, nikasimama langoni kwa mlinzi. Meza ya uandikishaji ilikuwa chini ya turubai, naona kila kitu. Palikuwa na kimashine kidogo chenye kioo, kila msichana anaweka kidole, kinatoa mwanga wa kijani, anapita.

Puji akaweka. Mwanga mwekundu.

"Futa, weka tena," alisema karani.

Mwekundu.

"Dole gumba."

Mwekundu.

"Dada, huna alama."

"Kidole si hiki hapa?" Puji akauliza.

"Kidole kipo, alama hazipo," karani akajibu, akamwita mwenzake aje aone. Wakageuzageuza mkono wake kama watu wanaochagua embe. "Mkono wa kushoto unasoma, lakini tunataka yote miwili. Lango linafunguliwa kwa kidole, zamu inahesabiwa kwa kidole. Mshahara nao vivyo hivyo."

Nikampita mlinzi. "Ni mimi mama yake nimemuunguza, si yeye," nikamwambia karani. "Muandikeni kwa kalamu, kidole kitapona."

"Mama, mashine haiulizi nani kaunguza. Aje na kundi lijalo."

"Lini?"

"Baada ya sikukuu. Pengine." Akaita jina la anayefuata.

Tulirudi kwa miguu hadi daraja la reli. Hapo Puji akasema, wala hakupandisha sauti, "Ungeniambia nikae wiki nzima bila kula, Mama, ningekaa."

Mchele uliisha Alhamisi. Tulifunga kwa uji. Siku ya kumi na mbili ya mfungo maduka yalijaa mafuta hadi darini, bei ileile, bila sharubati. Kaka Ngadino nilipomkabili alisema, "Mimi nilisema nilivyosikia, Mama Puji. Kwani nilikuapia?" Hakuapa, kweli. Chupa tatu za sharubati ziko chini ya kitanda hadi leo, hakuna anayetaka kuzifungua.

Baada ya sikukuu walimwita tena. Ngozi ilikuwa imeota. Lakini kati ya hapo, ili tule, Puji alikuwa akifua nguo pamoja nami kila siku, na sabuni ilikuwa imeanza kumla ncha za vidole kama ilivyonila mimi. Dole gumba lilisoma. Kidole cha kuchovya hakikusoma. Wakamwambia apumzishe mikono mwezi mzima kisha ajaribu tena. Akifua, kidole hakisomeki. Asipofua, mchele haupatikani. Tunakaa humo, chuma kushoto na chuma kulia. Sasa anafua kwa mkono wa kushoto, wa kulia kaufunga kwenye mfuko wa nailoni na mpira, na kila asubuhi hukiinua kidole kwenye mwanga wa dirisha atazame kama mistari imerudi. Haniulizi kama naiona. Mimi nasema naiona.

Ninyi mnaonunua chakula cha wiki kwa fedha ya leso kama mimi, nimewaandikia haya muyaepuke:

Habari ya uhaba inayotoka kwa rafiki wa shemeji wa mtu.

Kununua kitu chochote kabla ya mchele.

Kuingia foleni ukiwa na fedha ya wiki nzima mkononi. Chukua ya kitu kimoja tu.

Foleni isiyo na mlango wa nyuma, hasa ukiwa na mtoto.

Kitu cha bei nafuu kilichofungwa pamoja na kitu usichokitaka.

Kununua ili uuze, ikiwa mnunuzi bado hajakupa fedha.

Dawa ya madoa kwenye ngozi, hata kwa dakika moja, hata ikiwa jirani kafanya akapona.

Kumjibu vibaya mkubwa anayekukataza.

Kutumia kidole cha mtoto kwa sababu chako kimekwisha kutumika.