Bega la Kasiva

Tangu mjukuu wangu Kasiva achaguliwe kuwa mrushaji wa timu ya besboli ya shule yao hapa Mbooni, bega lake likawa mali ya watu wote. Mchungaji aliliombea Jumapili. Kijana wa bodaboda alimkataza kubeba mtungi. Mama Nzuki alileta mafuta ya kulichua. Wote walikuwa wema, na kila wema uliliongezea bega uzito. Wiki ya fainali mtoto hakula vizuri. Ukimpa kikombe cha chai, anakigeuzageuza mkononi kama anatafuta mshono wa mpira.

Fainali ilikuwa Emali, dhidi ya wasichana wa Tseikuru. Nilienda na akina mama wa kanisa, nikambebea Kasiva muthokoi. Akalisukuma bakuli kando. Karibu nasi alikaa msichana mrefu wa timu ile nyingine, amejifunga hijabu, ametoka safari ndefu na chai tu tumboni. Nikamkaribisha. Aliuliza kwa heshima kama kuna nyama ndani, nikamwambia ni mahindi na maharagwe tu. Alikula, akaosha bakuli, akanirudishia kwa mikono miwili. Jina lake Nadifa.

Sikujua kwamba ndiye mpigaji wao hodari.

Mchezo ulipofika mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja. Nadifa akasimama na gongo lake, wenzake wawili wakingoja kukimbia. Mwalimu Muindi, anayewafundisha mchezo huo, alikuwa ametueleza: akikosa mpira mara tatu, au akiupiga ukadakwa kabla ya kugusa chini, kombe ni letu. Akiupiga mbali, ni lao.

Kasiva akarusha. Nadifa akakosa.

"Pole, mama," nikasema. Akina mama nao wakampa pole, pamoja kama kwaya.

Akakosa tena. Tukampa pole tena, na Mama Nzuki akaongeza kwamba asijali, hata hilo gongo linaonekana ni zito.

Hapo Kasiva akaharibikiwa. Mpira mmoja ukapita juu ya kichwa cha refa, mwingine ukachimba vumbi. Akaomba ruhusa, akaja mpaka kwenye kamba iliyotutenga na uwanja.

"Susu," akaniita kwa jina letu la bibi, "wewe uko upande gani?"

"Wako, mwanangu."

"Na mbona unampa pole?"

"Amekosa mbele ya watu. Ninyamaze tu?"

"Lakini Susu, ni mimi ninayemkosesha."

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia basi yeye nitampa hongera na yule nitampa pole, ninazo za kutosha wote. Kasiva akanitazama, midomo ikamcheza, akacheka mpaka akashika magoti. Alirudi akijifuta macho. Nadifa, aliyesikia yote, alikuwa akicheka nyuma ya gongo.

Kasiva akarusha. Nadifa akaupiga, mpira ukapanda juu kabisa, ukapotea kwenye jua. Akina mama wakainuka, mikono juu ya macho. Kasiva akarudi nyuma kidogo, mikono mbele, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Mpira ukatua kwenye glavu, akaukamata kwa mkono ule mwingine, akaufumbata kwa nguvu.

Wenzake walipiga kelele na kumrukia. Refa akaja kuuchukua mpira, lakini vidole vya Kasiva vilikataa kufunguka. Mwalimu Muindi alimbembeleza, wapi. Ndipo Nadifa akaja, machozi bado mashavuni, akavifungua kimoja kimoja, taratibu, kama anayetoa mwiba. Akampa refa mpira wake, akabaki ameushika mkono wa Kasiva.