Pumzi Kabla ya Ubeti wa Tatu

"Shikamoo, Baba Bibiana. Nimepita kuona kama bado unakula chumvi."

"Marahaba. Ninyi Wamakua mkisikia msiba mnafuata harufu ya wali."

"Msiba wenyewe wa mwaka mzima. Wali si umeshaota manyoya?"

Salmini, fundi wa mtandao kutoka Masasi, alikuwa mtani wa Nikolao. Yeye Mmakua wa Lisekese, mwenzake Mmakonde wa Newala, hivyo aliruhusiwa kumwambia mfiwa maneno ambayo ndugu wa damu angelipwa kofi kwa kuyasema. Lakini leo aliitazama sebule kwanza. Ukungu wa Newala ulikuwa umeingia hadi sebuleni, na kiti kimoja kilikuwa kimegeuzwa kutazama spika mbili, kama mtu anavyokaa kumtazama mgonjwa.

Aliyemwita ni Bibiana, binti wa Nikolao. Mama yake, Winfrida, alizikwa mwaka jana watu wakiwa wanaokota korosho. Kwa desturi yao watani ndio wanaofagia nyumba ya msiba na kuanua matanga, ila hawagusi ufagio mpaka mfiwa aseme njooni. Nikolao alikuwa hajasema. Wazee walipomfuata, aliwauliza kwa upole kabisa: "Mtaanuaje matanga ya mtu anayepumua?"

Maana alikuwa anamsikia. Nikolao alikuwa mwalimu wa kwaya, na Winfrida aliimba sauti ya kwanza. Nyimbo walizorekodi kanisani zilihifadhiwa kwenye diski chumba cha ndani, zikawa zinasafiri kwa waya hadi kwenye kicheza muziki cha sebuleni. Baada ya mazishi Nikolao aliagiza swichi maalumu kutoka Dar. Swichi ni kisanduku tu cha kuunganishia nyaya za mtandao, ila hiki kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia, na muuzaji aliapa kwamba kinasafisha sauti. Tangu siku alipokifunga, kila kabla ya ubeti wa tatu, alimsikia Winfrida akivuta pumzi. Zamani pumzi hiyo haikuwapo.

"Swichi haijui kwaya," Salmini alimwambia. "Inabeba namba. Namba zikifika zimefika, hakuna zinazofika zimeoga."

"Wewe umezoea kufunga mtandao kwenye vibanda vya mpira. Masikio yako yamejaa vumbi la Masasi."

"Basi tupime. Nakaa ndani, nyuma ya pazia, na hicho kisanduku chako na hii swichi yangu ya sokoni. Nabadilisha, wewe huoni. Ukisikia pumzi, sema."

Nikolao alikubali upesi mno, na hilo likamtisha Salmini. Mtu mwenye uhakika hubisha kwanza. Huyu alikaa, mikono magotini, kama anayesubiri majibu ya hospitali. Bibiana akasimama mlangoni.

Mara ya kwanza Salmini aliacha kile kisanduku kizito. Kwaya ikapanda, ikashuka.

"Hapo," Nikolao akasema. "Kavuta."

Mara ya pili aliweka ya sokoni, ya plastiki, nyepesi kama sahani ya mtoto.

"Hapo."

Mara ya tatu alisubiri ubeti wa kwanza uishe, kisha akachomoa waya kabisa. Kwaya haikutetereka. Alijua haitatetereka: kicheza huvuta wimbo mzima mapema, kikauweka tumboni, kisha kikautoa taratibu. Alijua, ndiyo kazi inayomlisha. Hata hivyo, kushika mkononi waya uliokatwa, na upande wa pili wa pazia marehemu anaendelea kuimba, ni jambo lingine. Vinyweleo vilimsimama.

"Hapo," Nikolao akasema, chini zaidi. "Hiki ndicho changu. Safari hii amesikika kuliko zote."

Salmini alitoka na waya ukining'inia. Hakutania. Nikolao aliutazama mpaka alipoelewa.

"Kwa hiyo hayumo. Yumo kichwani mwangu."

"Sijasema hivyo."

"Baba," Bibiana akasema, "mimi sijawahi kumsikia."

Mzee aliinuka, akampisha mtani wake kiti. "Sikiliza wewe. Mdomo wako ni wa uongo, lakini masikio ni ya kazi. Ukisema hayumo, njooni Jumamosi mfagie. Ukisema yumo, mwambie huyu binti arudi kwa mumewe huko Makote, aniache na mke wangu."

Salmini alikaa. Na yeye alishawahi kuzika mke, akajifunza kucheka kama mtu anavyojifunza kutembelea gongo. Uongo wa huruma alikuwa nao tayari ulimini, na bado hakujua atoe upi, wa yumo au wa hayumo. Bibiana aliurudisha wimbo mwanzo, naye akafumba macho. Ubeti wa pili ukaisha.

Akamsikia.

Ilikuwa pumzi fupi, imekatika katikati, kama ya mtu anayepanda mlima na ndoo kichwani huku nyuma anasukumwa. Ilikuwa karibu mno na sikio lake.

"Yumo," alisema, na sauti yake mwenyewe aliiona ngeni. "Lakini yumo na swichi yoyote. Alikuwamo tangu siku mliyorekodi."

Alidhani mzee atafurahi.

"Tangu siku ile," Nikolao akarudia. "Basi ni pumzi ya zamani. Ni mimi sikuwa nasikiliza." Akaigeukia spika. "Umesikia ilivyokatika? Pale niliwakimbiza waimbaji. Kila Jumapili niliwakimbiza palepale. Hakuniambia hata siku moja."

Bibiana alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Safari hii na yeye alikuwa amesikia.

"Njooni Jumamosi," Nikolao akasema. "Ila sasa hivi, mtani, rudisha mwanzo."

Salmini alirudisha. Mzee akasimama mbele ya spika, akainua mkono wa kulia. Ubeti wa pili ulipokwisha aliuzuia mkono juu, kiganja wazi, akimpa mkewe nafasi avute pumzi mpaka aishibe. Kwaya haikungoja. Ubeti wa tatu uliingia palepale ulipoingia miaka yote, na mkono wa Nikolao ukabaki juu.